Mizani ya Kilo Hamsini na Saba

Kuna wakati niliamini, na ningeapa juu ya Biblia ya nyanya yangu, kwamba mabondia wote wakuu wa uzani wa unyoya walikula mawe. Si kokoto, hapana. Lile jiwe jeupe linalochimbwa Kariandusi, upande wetu wa Nakuru, jepesi kama mkate uliolala, ambalo ukiligusa linakuachia unga vidoleni kama chaki. Mtu akimeza kipande kidogo kila siku, wepesi wa jiwe unaingia kwenye mifupa, kilo zinashuka zenyewe, na nguvu ya ngumi inabaki palepale. Mabingwa wa Meksiko walikula. Wa Panama walikula. Vijana wa mtaa wa Bondeni waliokuwa wakiangusha watu watatu kabla ya chai ya saa nne walikula mpaka ulimi ukawa mweupe. Na baba yangu mzazi, ambaye hakuwa bondia bali fundi wa baiskeli, naye alikula. Jiwe la Kariandusi lilifikaje Meksiko? Swali hilo halikunijia. Nilikuwa na miaka kumi na minne na wivu, na mtu mwenye wivu haulizi mambo ya usafiri.

Haya yote yalinirudia mwezi uliopita, nilipopita pale palipokuwa na kinu cha posho cha Mzee Njuguna. Siku hizi ni duka la simu, lina muziki wa kukupasua masikio. Nje, kwenye rundo la vyuma vikuukuu, nikaiona ile mizani, ya kupimia magunia, yenye bamba chini na mkono wa chuma juu. Kutu imeila, gurudumu moja halipo. Nikainama kama mwendawazimu nikanusa bamba lake. Wenye duka walinitazama. Wacha watazame. Kwenye pembe za bamba bado kulikuwa na unga ulioganda, na ule unga ulinuka vile kinu kilivyonuka Jumamosi asubuhi: mahindi yaliyopata joto, mafuta ya mashine, na jasho la wanaume wanaobishana.

Maana pale ndipo walipobishania. Ukisikia watu wakisema mahakama kuu iko Nairobi, jua hawakufika kwa Njuguna. Kila Jumamosi, mashine ikishazimwa ipoe, wanaume wa mtaa walikaa juu ya magunia na kesi ilikuwa moja tu, miaka nenda miaka rudi: ni nani bondia bora wa uzani wa unyoya tangu dunia iumbwe? Uzani mwingine hawakuutaka. Wazito, alisema Mzee Njuguna, wanapigana kama matrekta. Wa unyoya ndio wanaopigana kama watu wenye akili. Majina ya kigeni yaliwashinda kutamka, kwa hivyo kila bondia walimbatiza upya. Kulikuwa na Cherehani, aliyeitwa hivyo kwa sababu mkono wake wa kushoto ulidunga pasipo kupumzika. Kulikuwa na Kinyozi, aliyekuwa akikunyoa nyusi kwa ngumi hata usijue umenyolewa. Hao wawili ndio waliokuwa wamebaki. Wengine wote walikuwa wameshaangushwa pale kinuni kwa maneno, hata wale ambao hawakuwahi kuangushwa ulingoni.

Na palikuwa na sheria, ambayo sijaisikia popote pengine, na nimetembea, nimefika hadi Kisumu. Kabla ya kufungua mdomo, lazima upande mizani. Viatu vuliwe, koti liangikwe kwenye msumari. Kijiwe cha mkono wa mizani kiliwekwa kwenye hamsini na saba, mwisho wa uzani wa unyoya. Mkono ukiinuka, wewe umezidi, huna sauti, kaa ukasikilize. Mzee akikisogeza mpaka hamsini na nne na mkono usitikisike, umepungua, rudi nyumbani uongezewe uji. Sheria aliiweka Mzee Njuguna mwenyewe kwa ajili ya Mosoti, mwenye bucha ya jirani, mtu wa kilo mia moja na ushee ambaye alizoea kushinda mjadala kwa kufunika sauti za wengine.

"Mtu wa kilo mia atajuaje njaa ya mtu wa hamsini na saba?" Mzee alimwambia. "Mosoti, wewe hata kivuli chako ni cha uzito wa juu."

"Hiyo mizani ina ukabila," Mosoti akalalamika, lakini akakaa.

Baba alipita. Kila Jumamosi alipita. Alipanda kwenye lile bamba kwa soksi, mkono wa mizani ukatikisika, ukafikiria, ukatulia, na Mzee Njuguna akasema, "Fundi, sema." Hapo sasa! Mtu ambaye nyumbani alizungumza maneno kama saba kwa wiki, manne yakiwa "leteni chai," pale alifunguka kama mfereji. Alimtetea Cherehani kwa mikono, kwa mabega, kwa miguu. Alionyesha namna Cherehani alivyorudi nyuma hatua mbili ili adui ajione mshindi, halafu akamdunga akiwa bado anatabasamu. Sauti yake ilisikika mpaka Keringet. Mimi nilikaa kwenye magunia na wazito nikamtazama, na nilitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: nipande ile mizani, ipite, nami niseme upande wa Cherehani, baba anisikie.

Shida ilikuwa mwili wangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na kilo sitini na moja.

Ningevumilia. Ningengoja. Lakini muhula huo akaja Barasa, mtoto wa shangazi, kutoka Kitale, akae kwetu asome. Kijana wa miaka kumi na sita, mrefu, mwembamba, ana meno mazuri na hajui aibu. Jumamosi yake ya kwanza akapanda mizani kwa mzaha tu. Mzee Njuguna akasogeza kijiwe huku, akasogeza kule.

"Hamsini na tano na nusu," akatangaza. "Ehe! Mheshimiwa wa Kitale, sema."

Ningekuwa mimi ningezirai. Barasa akajikohoza, akasema, "Wazee wangu, kwa heshima na taadhima, mimi ni wa Kinyozi."

Kinu kizima kikapiga kelele. Baba akapiga kelele kuliko wote.

"Kinyozi? Huyo alipigana na nani? Alipigana na wagonjwa!"

"Mjomba, hao wagonjwa walikuwa wazima mpaka walipokutana naye."

Baba akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaenda akampiga Barasa begani, mara mbili, na kiganja chenye grisi kikaacha alama kwenye shati lake jeupe. Nimesahau majina ya walimu wangu, nimesahau tarehe ya harusi yangu na mke wangu anaweza kutoa ushahidi, lakini ile alama ya vidole vinne na gumba kwenye shati la Barasa ninaiona hadi leo. Mama alipoliloweka shati jioni, nilitamani iwe madoa yasiyotoka, halafu nikatamani yatoke upesi, halafu nikatamani shati liungue.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa ya watu wawili wanaobishana na mimi nikawa kabati. Asubuhi, Cherehani na Kinyozi. Kwenye banda la baiskeli, Cherehani na Kinyozi. Nikijaribu kuchangia, Barasa ananiambia, "Kijana, umepima?" na baba anatabasamu. Nami nilipanda ile mizani, usidhani sikupanda. Mkono wa mizani uliruka juu kama umeumwa na siafu.

"Sitini na moja na zaidi," akasema Mzee Njuguna kwa upole. "Shuka, babangu."

"Karibu kwetu," Mosoti akaniambia, akinisogezea nafasi kwenye gunia. "Huku tunakula vizuri."

Lililoniuma zaidi lilikuwa chakula chenyewe. Jumatatu hadi Jumatano baba alikula kama mtu yeyote. Lakini Alhamisi na Ijumaa jioni, mama akishapakua, baba alimega tonge moja kwa ajili ya adabu, kisha akausukuma ugali wake na mboga yake upande wangu. "Kula, mwanangu. Mimi nimeshiba, nilikula huko kazini." Kila wiki! Barasa hakusukumiwa kitu. Mimi ndiye niliyesukumiwa, na mimi, nikiwa mtoto mwenye adabu na tumbo, nilikula. Nikafanya hesabu zangu kichwani nikapata jibu moja: baba hanitaki kwenye mizani. Ananinenepesha kusudi, kama vile watu wanavyonenepesha fahali wa Krismasi, ili Barasa abaki peke yake kule juu. Nilikula nikilia kwa ndani. Lakini nilikula.

Ndipo nikamuuliza Barasa, tukiwa tunachota maji, inakuwaje mtu mzima kama baba hazidi hamsini na saba hata siku moja. Nadhani alinihurumia, au alichoka na maswali yangu. Akatazama kushoto na kulia kama mwizi.

"Hujawahi kuangalia mfuko wa koti lake?"

"Kuna nini?"

"Kuna jiwe la Kariandusi. Wewe unafikiri ni la nini? Mabingwa wote wanakula. Lakini usiseme ni mimi."

Nikaangalia mfuko wa koti. Lilikuwamo! Jeupe, limefungwa kwenye kitambaa, upande mmoja limelika kabisa. Siri yote ya uzani wa unyoya ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wetu.

Nilianza kidogokidogo, kwa ukucha. Ladha yake ni kama kulamba ukuta uliopakwa chokaa zamani. Linakauka mdomoni, linashika kaakaa, na maji hayaliondoi. Siku ya tatu choo kilifunga safari ya kwenda kwingine. Sikujali. Nilijisikia mwepesi. Upepo wa mlima Menengai ulipovuma nilishika mlingoti wa bendera shuleni kwa tahadhari.

Wiki hiyohiyo Mzee Njuguna akatoa tangazo. Alikuwa anapaka kinu rangi upya, na juu ya mlango, kwa rangi ya samawati ya mafuta, angeandika jina moja. Bondia bora wa uzani wa unyoya wa nyakati zote. Likishapakwa, mjadala umefungwa mpaka Yesu arudi. Jumamosi ijayo kila upande utoe msemaji wake, kisha wazito wapige kura kwa punje za mahindi, mkebe mmoja wa gorogoro wa Cherehani na mmoja wa Kinyozi. Msemaji wa Cherehani ni Fundi. Wa Kinyozi ni Barasa. Na asiye na msemaji aliyepita mizani, mtu wake amelala chini, hesabu imefika kumi.

Nyumbani hakukukalika. Walifanya mazoezi ya maneno kama watu wa kwaya. Baba alisema, "Mwanangu wa Kitale, Jumamosi nakulaza," na hilo neno "mwanangu" ndilo lililonimaliza. Hilo lilikuwa langu. Sikuwa na kingine changu.

Alhamisi baada ya shule nikatoa jiwe lote mfukoni mwa koti. Nilikuwa na nia mbili, na leo naweza kuzisema zote. Ya kwanza, nile lote kwa pamoja niwe mwepesi kabla ya Jumamosi. Ya pili, baba alikose. Awe mzito. Aonje. Nikaenda nyuma ya banda nikalila, lote, kwa kikombe cha maji, machozi yakinitoka. Kilichobaki ni kitambaa, nikakirudisha mfukoni kikiwa kimefungiwa kokoto.

Jioni ile mama alipakua. Baba akamega tonge lake la adabu, akausukuma ugali. "Kula, mwanangu. Mimi nimeshiba."

Nikausukuma ukarudi. "Mimi pia nimeshiba. Kula mwenyewe."

Barasa aliacha kutafuna. Baba akausukuma tena, taratibu. Nikaurudisha tena. Mama akatazama sahani ikienda na kurudi, na mama ni mtu ambaye kwake chakula kikibaki ni kama maiti imelala sebuleni.

"Hicho chakula kina kosa gani?" akauliza. "Nimepika sumu?"

Baba akamtazama mama. Akanitazama mimi. Kisha akavuta sahani na akala, tonge baada ya tonge, polepole, mpaka akaifuta kwa kidole. Ijumaa ikawa hivyohivyo. Nilijilaza juu ya njaa yangu nikiwa na furaha chungu, kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba dhidi ya ndugu yake.

Jumamosi, nakuambia, Nakuru yote ilikuwa kinuni. Flamingo wenyewe waliacha ziwa wakaja kutazama. Rangi ya samawati ilikuwa tayari kwenye mkebe, na brashi juu yake. Barasa akapanda. Akapita. Nikapanda mimi, kwa haraka, kabla sijaitwa. Mkono wa mizani ukaruka juu. Mzee Njuguna akasogeza kijiwe, akasogeza.

"Sitini na moja na robo. Babangu, umejaribu."

Watu hawakucheka hata. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Kisha baba akavua viatu. Akaangika koti. Akapanda kwa soksi kama siku zote, kifua mbele, na mkono wa mizani ukatikisika, ukafikiria, na ukainuka. Si sana. Kiasi cha upana wa kidole. Lakini ukainuka na ukakaa huko.

"Shuka upande tena," Mzee Njuguna akasema. Akashuka, akapanda. Ukainuka.

"Vua shati, Fundi," Mosoti akasihi kutoka kwenye magunia. Hata yeye alikuwa anasihi.

Baba akavua shati. Nikaona mbavu zake. Ukainuka. Mzee Njuguna akakuna kidevu, akatazama watu, akatazama mkebe wa rangi. "Sheria niliiweka mimi mwenyewe," akasema, kama anayejihukumu. "Fundi, umezidi."

Barasa akasogea. "Mjomba, nimsemee na Cherehani pia? Mimi ninajua maneno yako yote."

"Semea wako," baba akamjibu. "Usimsaliti mtu wako kwa ajili yangu."

Akavaa shati, akaja kwenye magunia ya wazito. Mosoti akamsogezea nafasi, lakini baba alimpita akaja kukaa kwangu. Bega lake likagusa langu. Barasa akaanza, na alisema vizuri, yule shetani, na kila mtu akamtazama yeye. Mimi sikumsikia. Kwa sababu baba aliinama na akaanza kuninong'oneza. Hotuba yote, ile aliyoiandaa wiki nzima, aliileta sikioni mwangu: hatua mbili nyuma, tabasamu la adui, mkono wa kushoto unavyokunjuka kutoka kwenye nyonga wala si begani, na namna Cherehani alivyomwinua kila aliyemwangusha akampangusa damu kwa glavu yake mwenyewe. Alinishika goti kunionyesha mdundo. Mkono wake uliacha grisi kwenye suruali yangu.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Na kilikuwa na ladha ya lile jiwe, maana nilijua nimekipata kwa kumla baba yangu wepesi wake.

Jina la Kinyozi likaandikwa juu ya mlango. Likakaa huko miaka mingi, nikipita chini yake nikiinamisha kichwa. Baba hakupanda mizani tena. Jumamosi alikaa na mimi kwenye magunia, akila mandazi, akinong'ona, na mwili wake ukaongezeka, na kila alipofungua kifungo kingine cha suruali niliona kazi yangu. Barasa alimaliza shule akarudi Kitale, na leo ana tumbo linalotangulia kufika kanisani. Nilipokwenda kumalizia kidato cha nne kwa masomo ya usiku, nikiwa na ndevu na watoto wawili, mwalimu alitufundisha kwamba kilo moja ya kitu ikiingia tumboni ni kilo moja juu ya mtu. Niliinua mkono kumbishia. Nilimwambia kuna mambo ya Kariandusi ambayo vitabu havijayafikia. Darasa zima la watu wazima likacheka, nami nikacheka nao. Nilipasi mtihani. Lakini kule ndani sikubadilisha jibu.

Tulimzika baba bila mimi kumwambia.

Kwa hivyo nilipotoka kwenye ile mizani ya kutu, nikiwa na unga puani, sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa mama. Alikuwa amekaa jikoni akimenya viazi vya Keringet, ndoo katikati ya miguu. Nikachukua kisu kingine nikakaa. Nikamweleza yote: koti, kitambaa, jiwe, kokoto, mkono wa mizani ulioinuka kwa upana wa kidole. Nikamwambia mimi ndiye niliyemharibia baba Jumamosi ile, na Jumamosi zote zilizofuata.

Mama hakuinua macho. Alimaliza kiazi, akakitia ndani ya ndoo, akachukua kingine.

"Lile jiwe lilikuwa la kusugulia rimu za baiskeli," akasema. "Baba yako alikuwa mtu wa kilo sitini kama wewe. Alikuwa hali kitu kuanzia Alhamisi jioni mpaka apande mizani. Chakula chake ulikuwa unakula wewe."